Istilahi za Usalama wa Watoto katika Intaneti

Wafasiri na walimu wanaotayarisha maandishi ya kuwakinga watoto na madhara ya intaneti aghalabu hutafuta maneno mepesi. Wepesi ni sifa njema ya istilahi, lakini katika jambo hili hautoshi. Istilahi yapasa ionyeshe wazi ni nani mkosaji, na impe mtoto njia ya kueleza yaliyompata, awe mbele ya mwalimu au anapopiga simu ya msaada kwa watoto, namba 116. Tutapima maneno machache kwa mizani hiyo.

1. Mtoto na kijana

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Hivyo msichana wa miaka 16 aliingia katika makundi yote mawili. Akiitwa "kijana" katika maelezo ya kosa alilotendewa, msomaji huenda akamdhania mtu mzima aliyejiamulia. Katika maandishi ya ulinzi aitwe "mtoto", na umri wake utajwe.

2. Kurubuni

Mtu mzima hujipatia urafiki wa mtoto mtandaoni kidogo kidogo: humsifu, humtumia vocha, humsikiliza akiwalalamikia wazazi, kisha humwomba picha. Wako walioandika "kutongoza". Neno hili halifai, kwa kuwa hutongozwa mtu mwenye uwezo wa kukubali au kukataa. "Kulaghai" linakaribia, ila hutumika zaidi katika mambo ya mali. Tunapendekeza "kurubuni", yaani kumvuta mtu kwa hila na vishawishi. Na nomino zake ziwe "urubuni" na "mrubuni".

3. Picha za ukatili

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza ponografia ya watoto. Anayenukuu sheria hana budi kulihifadhi neno lake. Penginepo, mwongozo wa istilahi uliopitishwa Luxembourg tarehe 28 Januari 2016 unashauri neno hilo liepukwe, kwani laweza kuficha kwamba picha hiyo ni ushahidi wa mtoto kutendewa uovu. Tunapendekeza "picha za ukatili wa kingono dhidi ya mtoto". Isiandikwe "wa kijinsia", maana jinsia ni hali ya kuwa mwanamke au mwanamume.

4. Siri na faragha

Wengi huita nywila "neno la siri", na watoto huelewa upesi. Lakini mrubuni naye humwambia mtoto, "Hii iwe siri yetu." Mtoto aliyefundishwa kwamba siri ya mtandaoni haitolewi aweza kumficha mzazi jambo lililompasa kumwambia. Kwa hiyo tunashauri "nywila" litumike kwa ufunguo wa kuingilia, na "faragha" kwa haki ya mtu kuhifadhi mambo yake. "Siri" libakie katika maonyo: siri anayoidai mtu wa mtandaoni ndiyo ya kusemwa nyumbani.

Mapendekezo haya yangali wazi kwa mjadala. Tunawaomba walimu, hasa, watujulishe maneno ambayo wanafunzi wenyewe huyatumia, kwa sababu istilahi ambayo mtoto hawezi kuitamka anapohitaji msaada haitakuwa imemfaa.