Hati za Mfano katika Kompyuta Kuu

Mwenye kuitumia kompyuta kuu kwa desturi haiamrishi moja kwa moja. Huandika hati ya kazi, akaikabidhi kwa mpangaji wa foleni. Katika LUMI, iliyoko Kajaani nchini Ufini, mpangaji huyo ni programu iitwayo Slurm. Hati za mfano zimekwisha kuwekwa tayari, na kuzinakili si aibu, kwani mgeni hawezi kuubuni mpangilio wake. Mistari ya juu, ianzayo kwa #SBATCH, hutaja akaunti ya mradi, foleni, nodi na muda. Ikiwekwa chini ya amri ya kwanza, Slurm huipuuza kimya.

Lakini tarakimu zilizomo ni za kazi ya mtu mwingine, na hapo ndipo penye hasara. Katika foleni iitwayo standard, nodi, yaani kompyuta moja miongoni mwa nyingi zilizounganishwa, hutolewa nzima, pamoja na viini vyake 128 vya kuchakatia. Programu ikitumia kiini kimoja tu, mradi hutozwa vyote 128 kwa kila saa. Muda nao yafaa upimwe kwanza kwa jaribio dogo: ukipita, kazi hukatwa, hata ikiwa imesaliza dakika moja.