Mlango wa Kuteleza: Upime kwa Stara, Upime kwa Watakaopita



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Nyumba nyingi za Mombasa na Malindi siku hizi zinawekwa milango ya kuteleza, ile ambayo mafundi huiita slaidi. Sisi hatuoni ubaya. Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 80 hula karibu nusu mita ya mraba ya sakafu kila ufunguliwapo. Wa kuteleza hupita kando ya ukuta, ukatuachia mahali pa kutandika msala. Lakini kabla ya kumwita fundi, yapo mambo mawili ya kuzingatia.

La kwanza ni stara. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, mgeni aliishia dakani, na vyumba vya ndani vilifuatana nyuma ya ua, mbali na macho ya njia. Suratun-Nur, katika aya ya 27, yatufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za wenzetu. Na aya ya 58 yawataka hata watoto wadogo wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, mchana tunapopunguza nguo, na baada ya Isha. Mlango usiofunga barabara huivunja adabu hii. Ule unaoning'inia nje ya ukuta huacha upenyo pembeni, wala hauzuii sauti. Basi chumba cha kulala na choo ni bora viwe na mlango wa bawaba. Au, kama nafasi ni finyu, bawa la kuteleza liwe pana kuliko uwazi kwa sentimita 5 kila upande, lenye komeo la ndani.

Kwa sebule, akina mama wasidanganywe na kioo cheusi. Mchana humficha aliye ndani. Usiku taa ikiwaka, aliye nje gizani huona kila kitu, na aliye ndani huona sura yake tu. Chagueni kioo cha ukungu, au wekeni pazia zito. Kiwe pia kile kilichotiwa ugumu kwa moto, ambacho kikivunjika huwa chembe butu, kwani watoto hukimbia.

La pili ni kipimo. Pimeni baada ya vigae kuwekwa, si kabla. Chukueni upana mahali patatu: juu, katikati na chini, kisha urefu mahali patatu vilevile, na mshike kipimo kidogo kuliko vyote, maana kuta zetu, hasa za matumbawe na chokaa, ni nadra kunyooka. Mlango unaopita juu ya ukuta huhitaji reli yenye urefu wa karibu mara mbili ya uwazi, na ukuta huo usiwe na swichi wala kabati. Hewa ya chumvi hula chuma, kwa hiyo ulizieni reli na magurudumu yasiyoshika kutu. Mbao nazo hufura wakati wa masika, ziachiwe nafasi.

Tena kumbukeni kwamba mlango wa mabawa mawili hufunguka nusu tu. Tuliwahi kufika katika nyumba moja kumsitiri mama mzee. Uwazi wa ukuta ulikuwa mita moja na nusu, lakini bawa moja halikuondoka, na nafasi iliyobaki haikufika sentimita 75. Jeneza na wachukuzi wake halikuweza kupita. Wanawe walimtoa mikononi hadi uani, mbele ya watu, na uchungu wao ukawa maradufu. Fundi alikuwa amepima ukuta. Hakuna aliyepima njia.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kulipa, jiulizeni: kitanda kitapita? Mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu atapita? Na siku ile isiyoepukika, jeneza litapita? Ukiwa na shaka, ongeza upana, au taka mabawa yanayoondoka yote.

Mwenyezi Mungu azistiri nyumba zetu, azipanue kwa kheri, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.