Uzuri wa Jani Si Kung'aa

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usemi huu wawafaa mno wanunuzi wa mboga, ambao aghalabu hulichagua jani kwa kuwa linametameta.

Ijulikane kwamba jani likishachumwa halipati tena maji ya mizizi, ilhali huendelea kuyapoteza. Ndiyo sababu wauzaji huzinyunyizia mboga maji mara kwa mara. Kufanya hivyo si hila, kwani huchelewesha kunyauka. Lakini hakurudishi vitamini C iliyokwisha kupotea juani.

Basi mnunuzi atazame nini? Kwanza, atazame pale kikonyo kilipokatwa. Pakiwa pabichi, mboga ni ya karibuni. Pakiwa pamekauka na kugeuka rangi ya kahawia, imekaa. Pili, akivunje kikonyo cha sukuma wiki: kibichi hukatika kwa mlio, kilichonyauka hupinda tu. Tatu, alifungue fungu la mchicha, mnavu au dania na kulinusa katikati, maana uozo hupenda mahali penye joto na unyevu.

Hata hivyo, swali zito kuliko yote halijibiwi kwa macho. Mboga hii ilinyweshwa maji gani? Si siri kwamba baadhi ya mboga ziuzwazo Nairobi hukuzwa kwa maji ya mito iliyochafuka, hata kwa maji taka. Nazo huenda zikanawiri kuliko zote sokoni, kwa kuwa maji taka yana rutuba. Kupika huua vijidudu vingi, lakini hakuna sufuria iwezayo kuiondoa sumu ya madini kama risasi ikiwa mmea umekwisha kuifyonza. Seuze dania ya kachumbari, ambayo haipikwi kamwe!

Muuzaji na aulizwe kwa heshima, bila kutuhumiwa, maana naye amenunua kwa mwingine alfajiri. Lakini wajibu mkubwa ni wa serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi masoko na huduma za afya.

Nanyi walimu, mwanafunzi awezaye kuchora sehemu zote za jani katika mtihani, kisha akashindwa kulichagua sokoni, amesoma nusu ya somo. Mpelekeni sokoni akaimalize nusu iliyobaki.