Moyo Unaokwenda Mbio: Tiba ya Katheta na Mgonjwa wa Kusini

Moyo huendeshwa na umeme unaozalishwa ndani ya moyo wenyewe. Umeme huo huanzia katika chumba cha juu cha kulia, hupita katika kituo cha kati, kisha husambaa katika vyumba vya chini. Baadhi ya watu wana njia ya ziada, mara nyingi ya kuzaliwa nayo. Umeme ukiifuata njia hiyo huzunguka mfululizo, na mapigo hupanda ghafla hadi 150 au hata 200 kwa dakika, kisha hutulia ghafla vilevile.

Dawa huweza kupunguza mashambulio hayo, lakini haziiondoi njia yenyewe. Tiba ya katheta huiondoa. Daktari hupitisha nyaya nyembamba katika mshipa wa kinena hadi moyoni, huitafuta njia yenye hitilafu, kisha huunguza eneo la milimita chache tu. Kifua hakipasuliwi.

Kwa wenye njia ya ziada, tiba hii hufanikiwa kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Madhara makubwa, kama vile kuharibika kwa kituo cha kati kiasi cha kuhitaji betri ya moyo, ni machache. Hali ni tofauti kwa mtetemo wa vyumba vya juu, ambao uunguzaji wake ulipata msingi mwaka 1998 kutokana na utafiti wa Bordeaux, Ufaransa. Huko tatizo hurejea mara nyingi zaidi, na wengine huhitaji kurudia tiba. Aidha, mtetemo unaotokana na valvu iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao bado upo Afrika Mashariki, hudai kwanza tiba ya valvu pamoja na warfarini ya kuzuia kiharusi.

Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hazina huduma hii. Tanzania inayo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Hata hivyo, kwa mkazi wa Marambo, katika ukanda wa Nachingwea na Ruangwa, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500.

Kikwazo cha kwanza, hata hivyo, si umbali. Mashambulio haya huja na kuondoka. Mgonjwa afikapo kituoni akiwa ametulia, kipimo huweza kuonekana cha kawaida, naye huambiwa ana wasiwasi, au nyumbani hudhaniwa ana mashetani. Kwa hiyo, apimwe umeme wa moyo wakati mapigo yangali mbio, katika hospitali ya wilaya iliyo karibu, na karatasi ya kipimo itunzwe. Ndiyo itakayomwonyesha daktari bingwa aina ya hitilafu, na kama safari ya rufaa inastahili. Anayezimia au kuumwa kifua wakati wa shambulio asingoje. Apelekwe hospitali mara moja.