Anayepika Uji wa Mgonjwa: Hifadhi ya Jamii na Wanaouguza Nyumbani

Siku mgonjwa wa kiharusi anapopewa ruhusa ya kutoka wodini, safari ya nyumbani hutanguliwa na karatasi mbili au tatu: muhtasari wa matibabu, orodha ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Karatasi zote zina jina la mgonjwa. Kando ya kitanda amesimama mtu mwingine, mara nyingi binti, mke au dada, ambaye kwa dakika kumi anaonyeshwa na muuguzi namna ya kumgeuza mgonjwa ubavu, kumlisha akiwa ameketi wima, kuutunza mpira wa mkojo na kuitambua ngozi inayoanza kubadilika rangi juu ya mfupa. Kisha anatafuta usafiri. Kuanzia saa hiyo yeye ndiye wodi.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Msemo huu una hekima yake kwa upande wa mgonjwa, lakini unamwacha kando yule anayeupika. Naye haulizwi: haulizwi kama ana ajira, kama ana watoto wanaosoma, kama mgongo wake unamruhusu kumwinua mtu mzima, wala atakula nini yeye mwenyewe atakapofikisha miaka sitini. Lugha yetu ina kitenzi mahususi cha kazi yake, kuuguza, na muuguzaji ni jina linaloeleweka na kila mtu. Sheria na mifuko yetu ya pensheni haimtambui kwa jina hilo wala kwa jina lingine lolote.

Kazi yenyewe yafaa ielezwe bila kupambwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, yaani mara kumi na mbili kwa siku, ili asipate vidonda vya kulalia. Mgonjwa ambaye kiharusi kimemdhoofisha misuli ya kumezea hulishwa kijiko kwa kijiko, uji ukiwa mzito kiasi, kwa kuwa mkondo mwepesi unaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Yapo mazoezi ya viungo asubuhi na jioni, yapo mashuka ya kufua kila siku, zipo dawa za shinikizo la damu ambazo mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu hawezi kuzifuatilia mwenyewe. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kazi hiyo haidumu kwa miezi, hudumu kwa miaka, na inazidi kuwa nzito kadiri mtoto anavyokua. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni hadi kliniki akiwa na miaka mitatu hawezi kumbeba akiwa na miaka kumi na mitatu. Mara nyingi kliniki humwandika kuwa ametoroka matibabu.

Ukubwa wa jambo hili nchini Tanzania unajulikana kwa sehemu. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam ulikuta viwango vya kiharusi, baada ya kurekebishwa kwa umri, vya takribani watu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takribani 316 huko Dar es Salaam. Kiwango hicho cha pili ni miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa duniani. Huko huko Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa takribani asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu uzeeni. Nyuma ya kila mmoja wa hao kuna angalau mtu mmoja aliyebadilisha maisha yake, ila huyo hahesabiwi. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kuwa wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi ya malezi na uuguzaji isiyolipwa ulimwenguni, na yeyote aliyewahi kupita wodini saa za kuona wagonjwa hatashangazwa na hesabu hiyo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya matunzo ya wazee. Kauli hiyo ni ya kweli na inaafiki mila zetu. Kasoro yake ni kwamba familia inatajwa kana kwamba ni chombo kisichochoka, kisicho na gharama, na kisicho na mtu ndani yake.

Tutazame sheria zinavyomgusa mtu huyo. Tuchukulie mfano wa mwanamke wa miaka 41, mwajiriwa wa sekta binafsi kwa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, mwenye michango ya miaka 11 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani miezi 132. Mama yake anapata kiharusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Msomaji aisome orodha hiyo kwa utulivu. Ugonjwa wa mtoto umo. Ugonjwa wa mzazi haumo, na wa mwenza haumo. Mama akifa, binti ana siku zake. Mama akipona nusu, akabaki anahitaji kulishwa na kuoshwa, hana hata moja.

Anaomba likizo yake ya mwaka, inaisha. Anaomba ruhusa isiyo na malipo, anapewa wiki chache kwa hisani ya mwajiri. Mwisho anaacha kazi. Tangu mageuzi ya mwaka 2018 mifuko yetu ina fao la kukosa ajira, jambo jema, lakini halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Na katika kumbukumbu za mwajiri, binti huyu ameacha kwa hiari. Neno hilo linaubeba uzito mkubwa kuliko linavyostahili.

Kisha inakuja pensheni. Ili kupata pensheni ya uzeeni ya kila mwezi, mwanachama anahitaji kuwa amechangia miezi 180. Binti ana 132. Amepungukiwa miezi 48. Michango yake na ya mwajiri kwa pamoja ilikuwa asilimia 20 ya mshahara, yaani shilingi 80,000 kwa mwezi. Ili kuziba pengo angehitaji shilingi 3,840,000, fedha ambazo mtu asiye na kipato, anayenunua nepi za watu wazima na kukodi bajaji ya kliniki, hawezi kuziweka akiba. Akishindwa kurudi kazini, akifikia umri wa kustaafu atalipwa mkupuo mmoja badala ya pensheni ya maisha. Miaka minne ya kumuuguza mama inaweza kumgharimu miaka ishirini ya utulivu wa uzee wake mwenyewe, na kumfanya naye awe mzigo kwa binti yake. Hapo umaskini haurithiwi kwa uvivu wa mtu. Unarithiwa kwa wema wake.

Huyo ni mwenye bahati, kwa kuwa alikuwa na ajira rasmi. Wauguzaji walio wengi nchini ni wakulima, mama lishe na wachuuzi ambao hawajawahi kukatwa mchango. Kwao tumaini la kwanza ni Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini unaoendeshwa na TASAF, ambao katika awamu yake ya pili umeweka ruzuku kwa ajili ya kaya zenye mtu mwenye ulemavu. Mpango huo, hata hivyo, huchagua kaya kwa kigezo cha umaskini uliokwisha kutokea. Kaya iliyokuwa na duka dogo mwaka jana haionekani kuwa maskini siku ya tathmini, ijapokuwa mwenye duka amelifunga ili akae na mgonjwa.

Visiwani Zanzibar kuna somo linalostahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko linavyosomwa Bara. Tangu Aprili 2016, kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni jamii, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, kwa fedha za Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Kiwango kilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Fedha hizo hazimlipi muuguzaji, lakini zinambadilishia hali: mzee anayeuguzwa anakuwa mtu mwenye kipato ndani ya nyumba.

Mfano mwingine una umri mkubwa zaidi, nao ulitoka kijijini. Nshamba, wilayani Muleba mkoani Kagera, ambako UKIMWI uliwaacha bibi wengi na wajukuu yatima, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee kiasi kidogo cha fedha kila mwezi pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu waliokuwa wakiwalea. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilibeba katika jina lake vitu vitatu ambavyo fedha hiyo ilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hapa mpokeaji alikuwa mzee, ila sababu ya nyongeza ilikuwa kazi yake ya kulea. Wazo hilo la kumlipa mtu kwa sababu ana mtu anayemtegemea tumekuwa nalo kwa zaidi ya miaka ishirini, tena si la kuazima Ulaya.

Majirani zetu wa Kenya, chini ya mpango wa Inua Jamii, huilipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wa muda wote shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na mlezi anaweza kusajiliwa kuzipokea kwa niaba yake. Ulaya kuna ya kuiga na ya kuepuka. Ujerumani, kupitia bima ya uuguzaji iliyoanzishwa mwaka 1995, humchangia pensheni anayemuuguza ndugu yake nyumbani kwa saa zisizopungua kumi kwa wiki, iwapo ajira yake nyingine haizidi saa thelathini. Uingereza ilianza kutoa posho ya wauguzaji mwaka 1976 lakini ikawanyima wanawake walioolewa, kwa hoja kwamba hao wangekuwa nyumbani vyovyote iwavyo. Ilihitaji hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 1986 kuliondoa katazo hilo. Posho hiyo pia iliwekewa kikomo cha kipato ambacho ukikivuka kwa pauni moja unaipoteza yote, na kufikia mwaka 2024 ilibainika kuwa makumi ya maelfu ya wauguzaji walikuwa wakidaiwa kurudisha fedha. Ukali wa namna hiyo humwadhibu hasa yule anayejaribu kubaki na kibarua cha saa chache.

Kwa Tanzania, marekebisho yanayoweza kuanza bila kungoja utajiri ni haya. Mifuko ya pensheni imhesabie mwanachama miezi ya uuguzaji iliyothibitishwa, kwa ukomo wa, tuseme, miezi 60, angalau kwa ajili ya kufikisha masharti ya miezi 180 hata kama miezi hiyo haiongezi kiwango cha malipo. Gharama yake hailipwi leo. Inakuja polepole wanachama hao wanapostaafu. Likizo ya siku nne ipanuliwe ihusu ugonjwa mkubwa wa mzazi na mwenza. Sheria hiyo si msahafu: mabadiliko ya mwaka 2025 yameshampa muda wa nyongeza mzazi wa mtoto njiti, na hoja iliyoyaleta, kwamba mwili dhaifu unahitaji mtu wa kuwa nao, ndiyo hoja ile ile. Na aliyeacha kazi ili kuuguza asihesabiwe kuwa ameacha kwa hiari.

Wapo wanaosema kuwa watu watadanganya, kwamba kila mwenye bibi kijijini atajiita muuguzaji. Hofu hiyo haina budi kujibiwa, na jibu lake kwa kiasi kikubwa liko mikononi mwa madaktari na maafisa ustawi wa jamii. Kiwango cha utegemezi wa mgonjwa hupimika: anaweza kula mwenyewe au hawezi, anaweza kwenda chooni au hawezi, anaweza kuachwa peke yake kwa saa nne au hawezi. Vipimo vya aina hiyo hutumika hospitalini kila siku kwa sababu nyingine. Hata mzigo wa muuguzaji una kipimo chake, dodoso la Zarit lenye maswali 22, linaloweza kuulizwa na muuguzi mwenye mafunzo wakati mgonjwa akisubiri kumwona daktari. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita nyumbani mara moja kwa miezi mitatu atajua kama mgonjwa yupo na ni nani anayemwosha. Vidonda vya kulalia havidanganyi, wala ngozi nzima ya mtu aliyelala mwaka mzima haidanganyi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakapotekelezwa kikamilifu itapunguza deni la hospitali katika kaya nyingi. Haitamgeuza mgonjwa saa nane za usiku. Wataalamu wa kliniki za kiharusi, za watoto wenye mtindio wa ubongo na za wazee wanaweza kuanza na jambo lisilohitaji Bunge wala bajeti. Faili la mgonjwa lina nafasi ya jina la ndugu wa karibu na namba ya simu, ambayo hutumika pale tu panapotokea deni au kifo. Chini yake iongezwe mistari mitatu: nani anamuuguza, tangu lini, na aliacha kazi gani.