Maji Yasiyokuwapo: Jinsi Hewa Yenye Joto Ionekanavyo

Atokaye Voi kwenda Taveta wakati wa jua kali huona mbele yake maji yakimetameta, akikaribia, hayapo. Hayo ndiyo mazigazi, na ole wake mwenye kiu aachaye njia kuyafuata. Hewa iliyo karibu na ardhi yenye moto huwa nyepesi. Nuru ya mbingu ikipita humo hupindwa, ikafika machoni kana kwamba yatoka chini.

Mwaka 1864 Mjerumani August Toepler alionyesha njia ya kuiona hewa yenyewe. Aliikusanya nuru kwa lenzi mahali pamoja, akaikinga nusu kwa ukingo mkali kama wa kisu. Nuru iliyopindwa, hata kidogo, hupita ukingo huo au huzuiwa nao. Basi hewa ipandayo juu ya mshumaa huonekana kama moshi, na hata joto la kiganja, ajabu isiyo ndogo! Kwa njia hiyo Ernst Mach na Peter Salcher walitangaza mwaka 1887 picha za wimbi la hewa litangulialo risasi.