Maswali ya Lisbon

Ndugu msikilizaji, kila yanapotokea maafa huwa tunasema: ajali haina kinga. Msemo huo humtuliza mfiwa, nami siupingi nikiwa matangani. Lakini leo napenda kukueleza habari za mji mmoja ambao, baada ya kuzika, haukuishia hapo.

Mji huo ni Lisbon, makao makuu ya Ureno. Ndiko alikotoka Vasco da Gama mwaka 1497, na mwaka uliofuata akatia nanga Mombasa na Malindi.

Tarehe 1 Novemba, 1755, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalijaa watu, na mishumaa ilikuwa ikiwaka. Ilipokaribia saa nne asubuhi ardhi ikatetemeka, ikatulia, kisha ikatetemeka tena, kwa dakika kadhaa. Wataalamu wa leo wanaeleza kwamba chini ya Bahari ya Atlantiki, upande huo, bamba la ardhi la Afrika linasukumana na lile la Ulaya na Asia. Nguvu hujilimbikiza kwa miaka mingi, halafu mwamba hukatika ghafula.

Makanisa yakawaangukia waumini. Walionusurika wakakimbilia kando ya mto Tagus, mahali pa wazi pasipo na kuta. Kumbe tetemeko lilikuwa limeisukuma bahari pia. Haikupita saa nzima, maji yakarudi nyuma, kisha yakaja kwa kishindo yakawazoa. Huko mjini nako mishumaa na meko vikazusha moto uliowaka siku kadhaa. Maktaba ya mfalme ikateketea, na pia Casa da Índia, ofisi iliyotunza nyaraka za Wareno katika Bahari ya Hindi. Sehemu ya historia ya pwani yetu iligeuka majivu siku hizo. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, lakini mengi yanataja makumi ya maelfu.

Mfalme José wa Kwanza alisalimika, ila aliogopa kulala tena chini ya kuta za mawe, akahamia kwenye mahema. Kazi akamwachia waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal. Huyu aliamuru maiti zitoswe baharini upesi, bei za vyakula zisipandishwe, na waporaji wanyongwe. Alikuwa mtu mkatili. Padri Gabriel Malagrida, aliyeandika kwamba tetemeko lilikuwa adhabu ya Mungu, aliuawa hadharani mwaka 1761 baada ya waziri huyo kumwandama. Kwa hilo simtetei.

Lakini mwaka 1756 serikali yake ilizipelekea parokia karatasi za maswali. Tetemeko lilidumu muda gani? Wamekufa watu wangapi? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka? Mapadri wakajibu, na majibu mengi yangali yanatunzwa Ureno hadi leo. Ebu yatazame maswali hayo: yanauliza lililotokea, hayamtafuti mwenye dhambi.

Aidha, nyumba mpya zilitiwa kiunzi cha mbao ndani ya kuta, mbao zikiwa zimepishana, ili nyumba iyumbe bila kuporomoka. Mitaa ikapanuliwa, na kuta baina ya nyumba zikainuliwa kupita mapaa ili moto usiruke.

Swali lile la bahari linatuhusu na sisi. Tarehe 26 Desemba, 2004, mawimbi yaliyoanzia Indonesia yalivuka Bahari ya Hindi yakaua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo, ndugu yangu wa pwani, ukiona maji yanakupwa ghafula, saa ambayo si ya kupwa, usiteremke kuokota samaki. Waite watoto, mkimbilie mlimani.

Ajali haina kinga, sawa. Ardhi ikitaka kutetemeka hakuna wa kuizuia. Lakini ukuta mbovu una kinga, moto una kinga, hata wimbi humkosa aliyekwisha kupanda juu. Basi tukimaliza kuzika, tukunje mkeka wa matanga, halafu tukae tuulizane: nini kilianguka, na kwa nini?

Hadi juma lijalo, kwaherini.